Siku tatu za likizo, milima minne: Udzungwa, Lushoto, Amani au Uluguru?

Kila sikukuu ndefu inapokaribia, huulizwa swali lile lile: bahari tumeichoka, tunataka mlima, msitu na maporomoko ya maji, twende wapi? Kisha muulizaji anataja majina mawili matatu aliyoyasikia, na mara nyingi anadhani Lushoto na Amani ni pamoja kwa kuwa zote ni Usambara. Si pamoja. Lushoto iko Usambara Magharibi, Amani iko Usambara Mashariki, na kati yao kuna bonde la Lwengera, na msipoelewana vizuri mtajikuta mmoja ameshuka Mombo na mwenzake anamsubiri Muheza.

Minne hii yote ni ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi ukiigonga hupanda, hupoa na kuangusha mvua, ndiyo maana huko kuna misitu minene na mito isiyokauka wakati nyika ya chini imegeuka rangi ya majani makavu. Kila mlima umekaa kama kisiwa kwa muda mrefu sana, na kila kimoja kimezaa viumbe wake. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukiona mmoja umeona yote.

Nimeipima hivi

Kwanza kufika, na hapo nahesabu kuanzia Dar es Salaam kwa usafiri wa umma. Wa Tanga na Arusha mgeuze hesabu. Pili, miguu: njia ni kali kiasi gani, na kuna ya nusu siku kwa asiyezoea? Tatu maji, yaani maporomoko na mito. Nne, viumbe na miti. Tano, kulala, kula na vibali. Sita, mvua.

Uzuri sikuupima. Kuna anayekaa ukingoni mwa Irente kule Lushoto akatokwa machozi, na kuna anayeuliza baada ya dakika tano kama tunarudi saa ngapi.

Kufika

Hapa Uluguru haina mpinzani. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, safari imekuwa ya chini ya saa mbili. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, na ukishashuka mlima uko mbele yako. Anayepanda treni ya asubuhi anaweza kuwa anatoka jasho mlimani kabla ya saa sita. Lakini huo ni upande wa mjini tu. Ukitaka Mgeta na Bunduki, au Matombo na Kinole, hesabu safari nyingine ya barabara za mlimani, na usipange kurudi siku hiyo hiyo.

Lushoto kuna mabasi ya moja kwa moja: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha gari linaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kilomita 33 hivi za mwisho ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande ule. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asisome simu. Siku nzima imekwisha kwa safari, lakini hubadilishi gari.

Amani unabadilisha. Unashuka Muheza, unatafuta gari la kupanda, na kilomita thelathini na kitu zinazobaki ni za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Magari ya kupanda ni machache, na ukichelewa Muheza jiandae kulala huko.

Udzungwa unapita Morogoro, unakata Hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu (kaa dirishani, twiga na tembo huonekana bila kulipa kiingilio), kisha Mikumi mjini unashika barabara ya Ifakara. Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 60 kutoka hapo, baada ya Kidatu na mashamba ya miwa ya Kilombero. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ina stesheni Mang'ula, na njia yake inapita ndani ya Hifadhi ya Nyerere. Kwa mwenye muda ni safari ya kukumbukwa. Kwa mwenye siku tatu ni kamari, maana treni haipiti kila siku.

Miguu

Watu huuliza urefu wa kilele, lakini kilele peke yake hakisemi kitu. Lushoto mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; umeshapanda ukiwa umekaa ndani ya basi. Morogoro uko karibu mita 500, na Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano kinachoonekana toka mjini, kinapita mita 2,100. Toa moja katika nyingine. Ni mita 1,600 za kupanda kwa magoti yako mwenyewe, kisha magoti hayo hayo yakushushe.

Kwa Uluguru basi, mteremko unaanza hatua ya kwanza. Njia ya nusu siku ni Morningside, jumba la zamani la Wajerumani lililosimama juu ya mji. Inapita vijijini na kwenye migomba, kijito kando, na mji unazidi kuwa mdogo nyuma yako. Asiyezoea anafika, taratibu. Bondwa ni siku nzima. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote huko, kinachopita mita 2,600, ni cha wenye hema, mwongozaji na sababu.

Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani ya hifadhi. Kila kitu ni kwa miguu, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Njia ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard ni fupi, karibu na makao makuu, hata mtoto anaimudu. Maporomoko ya Sanje ni saa nne hivi kwenda na kurudi, yenye kupanda kwa kweli lakini yenye mahali pa kupumzika. Kilele cha Mwanihana ni kilomita 38 kwa siku tatu na usiku mbili, na huko unakwenda na askari mwenye bunduki kwa sababu tembo na nyati wamo. Kinachowashinda watu Udzungwa ni joto. Chini kabisa hifadhi inaanza kwenye mita 250 tu, hewa ni nzito kama ya jikoni, na nimeona vijana wa mazoezini wakiketi njiani huku mama wa makamo aliyebeba chupa mbili za maji akiwapita. Anzeni mapema.

Lushoto ni mlima wa aina nyingine kabisa. Hupandi kilele ukarudi; unatembea kutoka kijiji hadi kijiji kwa njia zile zile ambazo watu wanapitia kwenda sokoni. Irente ni matembezi ya asubuhi kutoka mjini, hayachoshi, na mwisho wake ardhi inakatika ghafla, nyika iko chini yako karibu mita 1,000. Msitu wa Magamba ni nusu siku. Na kwa mwenye siku tatu au nne kuna safari ya Lushoto hadi Mtae kupitia Rangwi, mpaka ukingo wa kaskazini ambako unaitazama Mkomazi toka juu na, mbingu ikiwa safi, Kilimanjaro kwa mbali. Njia ndefu, lakini hakuna siku inayokuvunja.

Amani ndiko kwa upole zaidi. Njia zake nyingi ni za saa mbili tatu chini ya miti mirefu, hazina haraka na hazina sifa za kutangazia watu. Kilima cha Mbomole ni kifupi. Njia ya Derema inapita msituni kisha inatokea kwenye mashamba ya chai. Aliyekuja kutafuta jasho atalalamika.

Maji

Ikiwa umekuja kwa ajili ya maporomoko, sema hivyo mapema na shauri litakwisha upesi: Sanje. Maji yanaanguka mita 170 kwa hatua tatu, na kutoka juu unaona bonde la Kilombero lote, miwa imepangwa kama mkeka. Katikati kuna vidimbwi ambapo mwongozaji akiruhusu unaoga, maji baridi hadi unapiga kelele. Akikataa, usibishane. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu kule ambako huoni, na mto ukaja na nguvu mpya huku kwako jua linawaka.

Milima hii ya Udzungwa huchangia maji yanayosukuma mitambo ya umeme ya Kidatu na Kihansi. Kihansi haimo katika safari ya mtalii wa kawaida, lakini kisa chake unastahili kukijua ukisimama mbele ya maporomoko yoyote. Kwenye manyunyu yake alikuwa akiishi chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na hakuwa akiishi popote pengine duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye umeme, manyunyu yakapungua; mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Aliyebaki alikuwa amefugwa Marekani, na kazi ya kumrudisha ilianza 2012.

Uluguru ina vijito kila upande na maporomoko ya Hululu kule Bunduki, lakini maji yake makubwa yako Dar: mto Ruvu unapata maji yake kutoka milima hii, na ndio unaolisha mabomba ya jiji. Amani ni mlima wa mto Zigi, ambao kazi yake kama hiyo ni kwa mji wa Tanga. Kuna maporomoko ya Derema pia. Madogo kuliko Sanje, ila huenda ukayapata peke yako. Lushoto, maporomoko ya Soni yako kando ya barabara ile ile ya kutoka Mombo, kwa hiyo unayaona hata kabla ya kufika. Mazuri baada ya mvua, na mwezi wa kiangazi huwa ni mwamba zaidi ya maji.

Viumbe na miti

Udzungwa na Amani zinagombea, na jibu linategemea macho yako yamezoea kutazama nini.

Udzungwa ni kwa anayetaka wanyama. Mbega mwekundu wa huko haishi mbali na milima hiyo, naye ni rahisi kumwona, hata karibu na Mang'ula. Mangabe wa Sanje, kima wa kijivu mwenye nywele zilizosimama kichwani, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, na msituni unasikia sauti yake kabla hujamwona. Mwaka 2008 alitangazwa sange mpya (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko masange wote wanaojulikana. Kuna na kipunji, aina nyingine ya kima, ila yeye yuko msitu wa Ndundulu, mbali na njia hizi, kwa hiyo anayekuahidi utamwona kwa matembezi ya siku moja anakudanganya.

Amani ni kwa anayependa kuinama. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo ua hilo linauzwa kwenye vyungu madirishani duniani kote kwa jina la Saintpaulia, na hapa bado linaota lenyewe kwenye miamba yenye unyevu kando ya vijito. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani, wakapanda miti ya mabara yote. Mmoja wa miti walioletwa, msizi, uliupenda mlima kupita kiasi na sasa unasumbua msitu wa asili. Nenda na mwongozaji usiku ukiwa na tochi: vinyonga wamelala kwenye matawi, weupe mwangani, na kati yao yupo yule wa pembe tatu ambaye jina lake la kisayansi, deremensis, limetoka Derema hapo hapo. Pembe ni za dume, jike hana.

Uluguru ina ndege wake wasiopatikana kwingine, lakini wako juu, msituni kwenyewe, na anayeishia Morningside hatawakuta wengi. Lushoto, Magamba kuna mbega na miti mikubwa, ila sehemu kubwa ya njia utaona mashamba: kabichi, maharage, matunda damu na plamu. Kwa wengine huo si msitu. Kwa wengine ndiyo raha yenyewe, maana kila baada ya nusu saa kuna mtu wa kusalimiana naye.

Kulala, kula na vibali

Lushoto ni rahisi kuliko kote. Nyumba za wageni za kila bei, chakula cha moto, matunda njiani, na kwa safari ya Mtae watu hulala vijijini au kwa masista wa Rangwi. Msitu wa Magamba una kiingilio chake. Kutembea vijijini si lazima upitie geti, ila chukua mwongozaji wa hapo hapo, njia zinagawanyika sana.

Uluguru unalala Morogoro mjini, kwenye mji kamili wenye kila kitu. Msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, hivyo kabla ya kupanda Bondwa pitia ofisini kwao uchukue kibali. Watu wengi huruka hatua hii kisha wanarudishwa njiani.

Amani nayo ni ya TFS. Kuna nyumba za kulala wageni za hifadhi, juu Amani na chini Zigi, ambako kituo cha wageni kiko kwenye stesheni ya zamani ya reli ndogo ya Wajerumani ya kubebea mbao. Chakula agiza mapema. Maduka ni machache, usiku ni mrefu na mtandao unakuja na kuondoka.

Udzungwa iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na taratibu zake ndizo kamili kuliko zote: kiingilio, mwongozaji, na askari kwa njia ndefu. Malipo ni kwa kontroli namba, si fedha mkononi, kwa hiyo hakikisha simu ina salio kabla ya kufika getini. Beba kitambulisho, maana raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Kulala ni kwenye kambi za hifadhi au nyumba za wageni za Mang'ula.

Mvua

Masika, Machi hadi Mei, njia zote nne ni utelezi. Udzungwa na Uluguru hapo si mchezo. Juni hadi Septemba ni msimu mzuri kwa wote, ila Lushoto Julai usiku ni baridi ya kweli. Sweta moja la Dar halitoshi. Amani hainyeshewi kwa msimu tu. Inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na koti la mvua ni la mwezi wowote. Lushoto iko nyuma ya Usambara Mashariki, kwa hiyo upepo unafika huko umeshamwaga sehemu ya mzigo wake, na anga huwa wazi zaidi.

Kwa hali yako

Una siku moja tu na unaishi Dar: Uluguru, treni ya asubuhi, Morningside, urudi jioni. Bondwa usiijaribu kwa siku hiyo hiyo.

Una wikiendi, marafiki wenye nguvu na kiu ya maporomoko: Udzungwa. Fikeni Ijumaa, Sanje Jumamosi alfajiri, Jumapili njia fupi kisha safari.

Unakwenda na wazazi, watoto, au mtu mwenye magoti mabovu: Lushoto, kwa sababu mwenye nguvu anaweza kwenda Magamba huku bibi akinywa chai na kuangalia milima, na wote wakakutana Irente kwa gari.

Unakwenda peke yako, au wawili msiopenda kelele, au una daftari la kuchorea majani: Amani, na usikae chini ya usiku mbili, maana siku ya kwanza macho hayaoni kitu.

Unataka safari ndefu ya miguu, siku tatu au zaidi: hapo chagua kati ya Mtae na Mwanihana. Mtae unabeba begi dogo na kulala kitandani. Mwanihana unabeba hema, chakula na maji, na usiku unasikia msitu.

Wewe ni wa Tanga: Amani iko mlangoni kwako, na Lushoto si mbali. Wa Arusha na Moshi, Mombo mnaifikia kabla ya Korogwe, hivyo Lushoto ndiyo ya karibu zaidi kwenu. Wa Iringa na Mbeya, Mikumi iko njiani mwenu. Shukeni hapo, magari ya Ifakara hupita Mang'ula.

Na ukiwa bado huamui, wapigie simu wahusika wa hifadhi wiki moja kabla, uulize mvua imenyesha lini na njia gani imefungwa. Mara nyingi jibu hilo huchagua kwa niaba yako.